Kopo Lililonitangulia Riyadh

Siku ile naikumbuka kwa watu waliokuwapo. Tulikuwa watano katika jiko la nyumba moja mtaa wa Al-Safa, mjini Jeddah. Alikuwapo Madam Huda, mwenye nyumba. Alikuwapo mama yake mzazi, Bibi Thuwaiba, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kiyoyozi na fimbo yake magotini. Zuhura wa Mombasa, mpishi, alikuwa anakanda unga. Wafula, dereva, mtu wa Bungoma kama mimi, alisimama nje ya mlango na katoni ya maji begani, uso ameuelekeza ukutani, maana ndivyo ilivyokuwa adabu ya nyumba ile. Wa tano nilikuwa mimi, Nanjala, nimejitanda ushungi mpaka machoni, ndani ya nyumba, saa nne ya asubuhi.

"Toa hilo," Madam akaniambia.

Nikatoa. Zuhura aliacha kukanda.

Mwanangu, mashavu yangu yalikuwa yamebabuka kama ukuta uliopigwa na mvua. Paji la uso lilikuwa jekundu, na chini ya macho kulikuwa na weusi ambao haukuwa wangu, weusi wa majivu.

"Ni mafuta ya chapati, madam," nikasema. "Yaliniruka."

Zuhura alijua wiki nzima sikuwa nimegusa karai. Akasema kwa Kiswahili, bila kuinua macho, "Mafuta gani hayo yanayoruka yakafika shavu hili na lile sawasawa, kama yamepimwa kwa rula?"

Wafula akauchekea ukuta. "Dada Nanjala, hiyo chapati ilikuwa na hasira!"

Madam hakucheka. Arusi ya mtoto wa kaka yake ilikuwa imebakiza wiki tatu kule Riyadh, na mimi ndiye niliyekuwa nimechaguliwa kusafiri na familia. "Mafi Riyadh," akasema, yaani hakuna Riyadh. "Wageni watasema nimewaletea maradhi. Zuhura atakwenda, wewe utabaki. Halas."

Neno lile lilinichoma. Si kwa sababu ya arusi. Arusi za watu sizijui na vyakula vyake nilivipika vya kutosha. Lilikuwapo jambo kule Riyadh ambalo hakuna mtu katika jiko lile aliyelijua, na lilikuwa ni la kufika mimi mwenyewe au lisifike kabisa.

Bibi Thuwaiba alinitazama, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayesoma maandishi yaliyoanza kufutika. Kisha akagonga fimbo sakafuni. "Mwana huyu aje chumbani kwangu baada ya sala ya alasiri."

Ili unielewe, mwanangu, nirudi nyuma kidogo. Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujageuka, nikaachiwa watatu: Simiyu, Nekesa, na Barasa aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Nilikuwa darasa la saba. Nilifunga daftari nikidhani ni kwa muhula mmoja. Wadogo zangu niliwalea kwa mambo machache niliyoyajua. Niliwaogesha, na nikawafundisha kuogeshana: maji ya moto usiyapime kwa kidole, kidole kimezoea kazi, kitakudanganya, pima kwa kiwiko. Asubuhi niliwapanga mlangoni kwa kimo nikawapaka mafuta usoni, mmoja baada ya mwingine, wakaenda shule wanang'aa hata kama matumbo hayakuwa na kitu. Watu waliwaita watoto wa Nanjala. Nilikuwa na miaka kumi na minne.

Ndiyo maana najiita mzee leo ingawa mvi zangu bado zahesabika. Aliyelea wadogo zake huzeeka kabla ya wakati, akapata haki ya kusema.

Basi miaka ile mawakala walikuwa kila mahali, na wasichana waliondoka kwa makundi kwenda Uarabuni. Nilikwenda mimi kwanza, nikaangukia Jeddah. Nekesa akanifuata baadaye, yeye akapelekwa Riyadh. Nilimkataza asije, kisha nikamwombea afike salama. Tukawa nchi moja, lakini mimi pwani na yeye jangwani, miaka mitatu bila kuonana. Simu yake ilikaa kwa mwajiri wake, akipewa Ijumaa tu.

Nilipoambiwa nitakwenda Riyadh, furaha ilinizidi akili. Nilijitazama kwenye kioo cha lifti nikaona mwanamke aliyechoka. Jua la kuanika shuka juu ya paa lilikuwa limenila mashavu. Nikasema moyoni, sitaki Nekesa anione nimechakaa. Nataka anione nimestawi, aseme dada kweli alikwenda ng'ambo.

Na hapa ndipo picha ya Bibi Thuwaiba ilipoingia.

Ukutani mwa chumba chake kulikuwa na picha moja ya zamani ya mwanamke wa Kijapani, amevaa vazi refu la hariri, ametupa mgongo na kugeuza kichwa juu ya bega. Uso wake ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Midomo myekundu, midogo kama ua la komamanga. Niliipangusa picha ile kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiambia: kumbe binadamu anaweza kuwa mweupe hivi! Sikujua habari zake. Nilidhani ndivyo alivyo, au ndivyo alivyojifanya akabaki hivyo. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Shingoni, chini ya nywele, palikuwa na michirizi miwili iliyochongoka, ya rangi ya kahawia, kama mkia wa mbayuwayu. Nikadhani ni unyevu umekula picha. Nilijaribu kuifuta kwa kitambaa chenye maji, haikutoka.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona vyaelea, nikadhani vimeota.

Siku tulipotumwa soko la Balad kununua ubani na hina, nilimwomba Wafula apitie mtaa wa Ghulail. Huko kulikuwa na mwanamke mmoja katika duka dogo, akichanganya krimu tatu katika kopo moja na kuzikoroga kwa kijiti. Mkorogo. Jina lenyewe linakuonya, lakini nani husikiliza jina? "Asubuhi na jioni," akaniambia, "na usiache hata siku moja." Hilo la kutokuacha lilinipendeza, maana mimi ni mtu wa kushika jambo. Nililishika.

Siku kumi za mwanzo, mwanangu, nilikuwa taa. Nilijipiga picha nikamtumia Nekesa. Ijumaa ikaja na sauti yake: "Aki dada! Ni wewe ama ni mtoto wako? Hapa madam wangu ananiita makaa. Nitumie na mimi, hata kidogo tu!"

Nililigawa kopo nusu kwa nusu, nusu ya Nekesa nikaitia katika kopo jingine. Wafula alikuwa anapeleka masanduku ya arusi Riyadh wiki ile ile. Nikampa kifurushi na jina la mtaa, akakiacha kwa mlinzi wa geti la nyumba ya Nekesa. Nilijisikia kama nimempaka mafuta mlangoni kama zamani.

Wiki ya tatu nilipanda paa adhuhuri kuanika. Niliposhuka uso ulikuwa unawaka. Kesho yake ukavimba, kesho kutwa ukaanza kubabuka. Nilimpigia Nekesa Ijumaa ile, simu imezimwa. Ijumaa iliyofuata, imezimwa. Namba ya waajiri wake sikuwa nayo. Barua ningeweza kumpa Wafula, lakini nani ataamini onyo la karatasi dhidi ya uso aliouona kwenye picha unang'aa? Nilijua lazima Nekesa auone uso wangu wenyewe. Na Madam alikuwa amekwisha kusema mafi Riyadh.

Mimi nilibaki Jeddah. Kopo lilikuwa limenitangulia.

Baada ya alasiri nikaingia chumbani kwa Bibi. Nikwambie alikuwa nani. Alizaliwa Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa vitambaa wa Jeddah. Mumewe alipokwenda kununua hariri Kobe, Japani, alikwenda naye, wakakaa huko miaka tisa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani kilichokunjwa vizuri na kuwekwa sandukuni. Alipokitoa kwa ajili yangu, kilinukia.

"Njoo karibu. Karibu zaidi, mimi si tabibu, sioni kwa mbali," akasema. "Mkorogo?"

"Ni mafuta ya cha..."

"Nanjala."

"Ni mkorogo, Bibi."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua. Umekula kiasi gani?"

"Sikula, Bibi, nilijipaka."

"Ngozi ndiyo iliyokula. Nani aliyekwambia rangi yako ina deni na mtu?"

Nikainua kidole nikaionyesha picha ukutani.

Bibi aligeuka akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Kisha akacheka, mwanangu, akacheka mpaka akashika ubavu. "Bi Kiyo! Umemwiga Bi Kiyo! Ole wangu! Bi Kiyo akinawa uso alikuwa mweusi wa jua kama mchuuzi wa samaki!"

Akaniambia niishushe. Tukaiweka kitandani kati yetu. Bi Kiyo, akasema, alikuwa jirani yake Kobe, mtu mzima aliyestaafu. Ujana wake aliupitisha Kyoto akiwa geisha. "Na usinitazame hivyo. Watu huwadhania vibaya. Kazi yao ni sanaa: kucheza, kuimba, kupiga ala ya nyuzi, kumimina chai, kujua la kumwambia mgeni aliyenuna. Huanza kufundishwa wakiwa wasichana, na kujifunza hakuishi. Rangi ile ni vazi la kazi, kama kilemba cha imamu. Kwanza wanalainisha nta kiganjani wanaipaka usoni na shingoni. Kisha unga mweupe uliochanganywa na maji, kwa brashi pana, kama mtu anayepaka chokaa. Msichana wa mwaka wa kwanza hupaka mdomo wa chini peke yake. Wa juu anausubiri."

"Anausubiri kwa nini?"

"Kwa sababu bado anajifunza. Wewe ulitaka midomo yote miwili siku ya kwanza." Akaweka kidole juu ya picha, penye shingo. "Hapa je, ulipaona?"

"Nilipaona, Bibi. Nilidhani unyevu. Nimepafuta sana."

"Umeifuta ngozi ya Bi Kiyo!" Akapiga kofi gotini. "Hapo rangi haikupakwa. Wanaacha makusudi, ndimi mbili za ngozi, ili mtazamaji ajue ya kuwa chini ya vazi yuko mtu. Kila siku umeshika kitambaa unafuta jambo la pekee katika picha hii lililokuwa linakwambia kweli."

Nikaanza kulia, chumvi ya machozi ikaniunguza mashavu, nikalia zaidi kwa kuungua. Ndipo nikamweleza habari ya Nekesa na kopo. Bibi aliacha kucheka. Akazungusha tasbihi, na hata kiyoyozi nikakichukia kwa kelele zake.

"Mdogo wako huyo," akauliza mwisho, "ana akili?"

"Ana akili kunishinda, Bibi. Lakini ananiamini."

"Hilo ndilo baya," akasema.

Kesho yake alimlazimisha Madam anipeleke zahanati. Daktari alinusa kopo, akalitia mfukoni na hakunirudishia. Akasema mikorogo ya namna ile huwa na zebaki na dawa kali inayokondesha ngozi, akanipa marhamu na kunionya juu ya jua. Nakwambia hili ili usije ukasema Nanjala aliponywa na hadithi za Japani. Dawa ya daktari ndiyo iliyoniponya. Bibi alisema hivyo mwenyewe: "Yeye atatibu ngozi. Mimi nakufundisha adabu ya uso."

Adabu yenyewe ilikuwa hivi. Kila jioni, kazi zikiisha, aliniketisha kwenye kigoda mbele ya beseni, akakunja mikono ya kanzu, akaniosha uso mwenyewe. Nilikataa. Mtu mzima, mama wa mwenye nyumba, amwoshe mfanyakazi? Akasema, "Bi Kiyo aliniosha mimi nilipofika Kobe nimeungua na baridi, nami nilikuwa mgeni asiyejua hata kuomba maji. Nyamaza." Mafuta kwanza. Kule kwao walitumia mafuta ya mbegu za mkamelia, mti wa maua, kuondoa ile rangi, hapa tulitumia simsim, matone matatu tu, kwa vidole viwili, bila kusugua. Kisha maji vuguvugu. Uso ulipotulia akaongeza maji ya mchele uliooshwa, kwa kuwa kule hujisafisha kwa kifuko cha pumba za mchele. Basi. Hakuna kingine.

"Bi Kiyo alikuwa akisema," alinisimulia mikono yake ikiwa mashavuni mwangu, "kupaka rangi kila mtu anajua. Geisha hujulikana kwa namna anavyoiondoa. Hata akichoka vipi, halali na uso wa kazi. Na zamani zao za zamani, unga ule mweupe ulikuwa na risasi ndani, madini yenye sumu. Ukawala wanawake wengi kabla hawajajua. Kwa hiyo wewe si wa kwanza. Wamelia wenzako wenye hariri."

Siku nyingine aliniambia kwamba zamani wengine walisafisha uso kwa kinyesi cha ndege mwimbaji, kilichokaushwa na kusagwa. Zuhura alikuwa ameleta chai. Akasimama na sinia. "Haki ya Mungu, Bibi? Mavi ya ndege?"

"Ya ndege maalumu."

"Basi Nanjala alikwenda Ghulail bure. Pale juu ya paa njiwa wametujazia!"

Nilicheka mpaka maji yakaniingia puani. Ulikuwa mcheko wangu wa kwanza tangu uso ubabuke. Tena nikwambie, Zuhura hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepewa safari yangu, na hakuisema mbele yangu hata mara moja.

Lililonishika zaidi ni hili. Niliuliza, geisha akizeeka hujipaka nini? Bibi akajibu, "Akikomaa, huiacha ile rangi nyeupe, labda siku ya ngoma kubwa tu. Huingia ukumbini na uso wake, na watu hunyamaza. Rangi ni ya wanafunzi, mwanangu. Aliyehitimu huja na uso."

Wiki moja kabla ya safari, Bibi alimwita Madam mbele yetu. Bibi hakuwa akipanda ndege. Alisema ndege zimeundwa watu wengine wafie humo. Alikuwa asafiri kwa gari, siku nzima, Jeddah mpaka Riyadh.

"Nani atanishika mkono njiani?" akauliza.

"Zuhura, mama."

"Zuhura ananishika kama anakanda. Namtaka huyu."

"Mama, huo uso!"

"Uso una makovu, hauna maradhi. Nitakaa naye upande wangu, bila ushungi wa kuficha. Atakayeuliza nitamjibu mimi. Bila yeye siendi, na mwambieni bwana arusi bibi yake amekataa."

Madam aliinua mikono juu. Zuhura, kwa Kiswahili, akanong'ona, "Ati nakanda!" lakini alikuwa anatabasamu, na ndiye aliyenifungia maandazi ya njiani.

Tuliondoka alfajiri, Wafula usukani, Madam, Bibi na mimi nyuma. Tulipandisha milima ya Taif, tukashuka jangwani. Sikuona kitu. Nilikuwa nahesabu siku: nusu kopo, asubuhi na jioni, wiki tano. Nilijiona nikifungua mlango nakutana na uso wa Nekesa umekuwa kama wangu, na kila nilipofikia hapo nilibana mkono wa Bibi. Mara ya nne akasema, "Sasa wewe ndiye unayekanda."

Siku ya pili Riyadh, asubuhi, Bibi akamwambia Wafula atupeleke kwenye lile geti la nyumba ya Nekesa. Alichukua boksi la tende na kuvaa shela yake nzuri. "Tunakwenda kwa watu tusiowajua?" nikauliza. "Mzee aliyebisha hodi na tende hafukuzwi," akajibu. "Yalla."

Wala hakufukuzwa. Mwenye nyumba alitupokea kwa taadhima kana kwamba alikuwa anatungoja, akamkalisha Bibi mahali pa heshima, na Bibi akaniketisha karibu yake, uso wazi, mabaka yangu yote mbele ya taa. Akaanza kuulizia afya za watu ambao hakuwahi kuwaona. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, ikaingia sinia ya kahawa, na nyuma ya sinia alikuwa Nekesa.

Mweusi. Mweusi wa kwao, mweusi wa mama yetu, ngozi nzima kama bilinganya iliyochumwa sasa. Aliniona. Vikombe vikaanza kulia.

"Mwana," Bibi akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, "weka kwanza sinia chini. Vikombe ni vya wenyewe."

Alipoiweka ndipo tulipokamatana. Mwenye nyumba alipoelezwa alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akatupa ruhusa twende jikoni. Huko nikamshika Nekesa mabega.

"Kopo liko wapi?"

"Lipo."

"Hukupaka?"

Alikunja mkono wa gauni. Juu ya kiwiko palikuwa na doa, kubwa kama kifuniko cha soda, limebabuka na kupona. "Si wewe ndiye ulitufundisha kupima kwa kiwiko? Nilipima. Siku ya nne kikawaka kama nimeegemea jiko. Nikasema, hapa dada yangu ameuziwa sumu. Nikaimwaga krimu, nikaliosha kopo, sasa natia pini."

"Mbona hukunipigia?"

"Simu ilianguka kwenye ndoo ya deki." Akaligusa shavu langu. "Dada, mimi nilikuwa nakulilia wewe. Nilijua wewe hujipimi. Wewe huwa unatupimia sisi."

Mwanangu, nimeambiwa maneno mengi maishani, na mengine yalikuwa matusi. Hakuna lililonifika kama lile. Kweli, miaka yote kiwiko changu kilikuwa cha maji ya wengine. Yangu mwenyewe niliyaingia kwa kichwa.

Kichupa cha simsim kilikuwa mkobani mwangu. Nekesa alikiona, akauliza ni cha nini, nikamwambia. Akanishika mkono akanisimamisha mlangoni, mgongo kwenye kizingiti, kama nilivyokuwa nikiwapanga. "Simama wima," akasema. "Usikunje uso." Akamimina matone matatu kiganjani, akanipaka. Alianza na paji la uso, kama mimi.

Arusini nilikaa kando ya Bibi usiku kucha. Wawili waliuliza habari ya uso wangu. Bibi akawaambia, "Alikuwa anajifunza. Amehitimu." Hawakuelewa, wakaitikia kwa heshima.

Sasa sikiliza, wewe unayejiandaa kwenda, na wewe unayebaki lakini una kopo chini ya mto. Sikukatazi kujipamba. Hina ni njema, wanja ni mwema, na hata rangi ina siku yake. Lakini pambo ni lile linalotoka jioni. Lisilotoka kwa mafuta na maji si pambo tena, ni mpangaji asiyehama. Jambo jipya, la ngozi au la maisha, lipime kwanza mahali padogo, kisha subiri. Usiku uvue uso wa kazi, utazame ule wa kwenu, uusalimie. Na hata siku utakayolazimika kujipaka kwa ajili ya watu, kwa maana kuna kazi zinadai hivyo, acha ndimi mbili za ngozi yako shingoni, zikukumbushe kwamba yuko mtu ndani. Na kama wewe ni kifungua mimba kama mimi, nakuongezea moja: wapimie wadogo zako, lakini ujipimie na wewe.

Mungu akupe uso wa kumtazama mama yako bila kuinama, na mikono ya kuosha wengine bila kuhesabu. Akulinde na jua la adhuhuri na ndimi za watu. Uendako wakuone, na urudipo tukujue.

Mimi limenibakia moja. Jioni ya mwisho ya kuniosha, Bibi alikausha mikono yake akaniambia, "Nina malipo yangu. Bi Kiyo alinidai hivi, na nilikuwa nimekwisha kuondoka Kobe alipokuwa mgonjwa, sikumlipa. Siku nitakaposhindwa kuinua mkono, unioshe uso wewe. Mafuta kwanza." Nikaahidi. Mwaka uliofuata nilikuja nyumbani mapumziko ya miezi miwili, na katika miezi hiyo Zuhura akanitumia ujumbe kwamba Bibi Thuwaiba hakuamka. Wanawe walimwosha, vizuri, kama inavyopasa.

Tangu hapo nimeosha nyuso nyingi. Nimeosha wagonjwa, vichanga, wasichana waliorudi na mabaka kama yangu, wakaja kwangu wamejitanda mpaka machoni. Matone matatu, vidole viwili, bila kusugua. Kila nikimaliza hukausha mikono na kujiuliza kama deni lile limepungua. Halijapungua. Ule uso mmoja sikuuosha. Kwa hiyo njoo jioni, mwanangu, beseni liko tayari. Mafuta kwanza.